Magoti ya Bi Twiga

Zama za wanyama kucheza mpira wa kikapu, timu ya Ngedere ilichoka kufungwa. Ikaamua kuwatoa wachezaji wake wawili, swala, ili impate Bi Twiga, nyota mzee wa timu ya Pundamilia. Alipokuja kukaguliwa, kocha wa Ngedere, Nguchiro, mjuaji asiye na mfano, akaanza kumbinyabinya magoti kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Magoti yanalia haya, bibi. Hebu ruka tuone!"

Damu ikamchemka Bi Twiga. Akaudaka mpira kwa mdomo, akanyoosha shingo, akautumbukiza kikapuni kama atiaye chumvi chunguni, kwato zote nne zikiwa chini.

"Umenikagua magoti kwa kuwa kimo chako kinaishia hapo," akamwambia. "Bakini na swala wenu. Jumamosi tunacheza nanyi. Njooni mkiruka."

Wakaja, wakaruka mpaka ndimi nje. Mpira waliuona ukiwapita juu.