Risasi Tano, Tundu Moja

"Mtutu mpya, kifyatulio kipya, darubini mpya," Clell aliwatambia wenzake wa klabu ya shabaha. "Bunduki yangu ya bei poa, inayojikoki yenyewe, sasa haikosi hata inzi!"

Timu ya klabu ilikuwa imebakiza nafasi moja. Kila mshindani alipewa risasi tano.

Bendera ya kusitisha ufyatuaji ilipopanda na bunduki kuwekwa chini, wakaziendea karatasi zao za shabaha. Ya Clell ilikuwa na tundu moja katikati, dogo kama punje ya mtama, ukingo wake haujachanika. Akatazama huku na huku. Kisha akalifunika kwa dole gumba na kutabasamu.

"Zote tano zimepita hapahapa! Niandikeni!"

Bibi mshindani aliyepigia karatasi ya jirani alikuwa bado anahesabu.

"Mwanangu," akaita, "mimi nimepiga tano. Mbona karatasi yangu ina matundu tisa?"