Daftari la Pili

Babu yake Gunvor alizaliwa na kijakazi wa shambani. Jina la aliyempa mimba, mwenye shamba au mchunga nguruwe wake, lilifutwa na maji katika daftari la mchungaji. Likabaki daftari hili la pili, nakala ya karani wa kanisa.

"Omba tuwe damu ya mchunga nguruwe," alisema baba yake Gunvor. "Tukiwa damu ya mwenye shamba, tumekwisha."

Ukoo wa mwenye shamba ulimalizwa na ugonjwa wa kutetemeka, wa kurithi.

Mtoto aliye tumboni akampiga Gunvor teke. Kidole cha Gunvor kilishuka mstari kwa mstari, kikasimama. Wino ulikuwa mweusi tii, kama wa jana. Jina lilikuwa la mwenye shamba.

"Mchunga nguruwe," alisema Gunvor.

"Apa!"

"Haki ya Mungu, Baba."

Mzee akacheka huku machozi yakimtoka. "Kumbe sisi wachunga nguruwe! Hebu nijionee mwenyewe."

Akachukua lenzi ya kukuzia maandishi, akaisogeza juu ya jina. Lenzi ikawa inagongagonga meza. Akaishika kwa mikono miwili. Ikazidi kugonga.

Akaiweka chini taratibu, akaficha mikono mapajani.

"Nisomee tena, mwanangu."