Nusu Nyeusi ya Ubao

Inatangazwa kwa heshima kuwa ubao wa nembo wa marehemu Lodi umetundikwa juu ya mlango mkuu wa jumba lake, na kwamba wageni watapitia jikoni mpaka rangi ikauke.

Mjane wake, Bibi Honoria, alitoka na fimbo yake kuutazama. Nembo ilikuwa imegawanywa katikati, kama ilivyo desturi: korongo wa ukoo wa mumewe kushoto, masuke ya ngano ya ukoo wa baba yake kulia. Nyuma ya nusu ya aliyekufa hupakwa rangi nyeusi. Nyuma ya nusu ya aliye hai, nyeupe.

Weusi ulikuwa nyuma ya masuke. Ulikuwa bado unang'aa, na tone moja lilikuwa likiteremka polepole juu ya suke la mwisho.

"Mama mkubwa," alisema mrithi, mtoto wa mdogo wa marehemu, aliyekuwa amemtaka ahame kabla ya Jumatatu, "fundi amekuzika wewe."

"Naona. Tena kanizika vizuri kuliko ambavyo ungenizika wewe."

"Ubao ushushwe sasa hivi."

"Haiwezekani," alisema afisa wa nembo, aliyetumwa kutoka London kusimamia utundikaji. "Ubao ukishatundikwa, haushushwi kabla ya mwaka kwisha, na usemalo ndilo sheria."

Honoria alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu mazishi.

Afisa alivaa kofia yake, kisha akatamka uamuzi: kwa mujibu wa ubao, mpaka mwaka uishe, marehemu atahesabiwa yu hai, mrithi hatarithi kitu, na Bibi Honoria, kwa kuwa amefariki, hawezi kuamriwa kuhama, baada ya hapo suala litajadiliwa upya.