Dole Gumba la Baba

"Rudia hapo kwa wakulima," mchungaji alisema, macho ameyafumba.

Nehemia akarudia. Tangu asubuhi walikuwa wakitafsiri kitabu cha historia ya kiapo cha kuacha pombe, katika nyumba ya mchungaji ghorofani huko Fittja, Sweden, na koo lilishamkauka kwa kusoma. Miaka mia na arobaini iliyopita, huko Amerika, wakulima walipasua mapipa yao ya pombe na kula kiapo cha kutokunywa maisha yao yote. Kiapo hicho kikavuka bahari kikafika Sweden. Kisha mchungaji huyuhuyu, enzi za ujana wake akiwa mmisionari, akakipeleka Bukoba, kwao Nehemia.

Baba yake Nehemia alikitia sahihi ya dole gumba. Akaupasua kwa shoka mtumbwi wake wa kukamulia ndizi za pombe. Ndugu zake wakamtenga.

"Tupumzike, mwanangu." Mchungaji alileta chupa ya mvinyo na glasi mbili. "Usishangae. Uzee huu umenifundisha kwamba kidogo hakidhuru."

"Tangu lini, Mchungaji?"

"Yapata miaka kumi sasa."

Tone jekundu liliteremka shingoni mwa chupa, likadondokea karatasi ya tafsiri, likasambaa polepole. Nehemia alilitazama mpaka likatulia. Mwaka jana tu, baba alipofiwa na kaka yake, aliketi uani peke yake msibani, kwa sababu ndani walikuwa wakipitishana kibuyu cha pombe.

Akaigeuza karatasi upande mweupe, akamsogezea mzee kalamu.

"Mwandikie baba," alisema kwa uchovu. "Maneno hayohayo, kwamba kidogo hakidhuru. Posta nitakwenda mimi."