Jezi Juu ya Kaburi

Juma lile alilostaafu besiboli, Delfin alifuatana na mama yake makaburini, jezi mkononi. Mgongoni iliandikwa Eliecer, jina la mdogo wake marehemu. Timu za ng'ambo zilitaka wavulana wa miaka kumi na sita, naye wakati huo alikuwa na ishirini, ndiyo maana aliondoka na cheti cha kuzaliwa cha marehemu, akacheza miaka yote kwa jina hilo.

"Kazi imekwisha," mama alisema. "Mrudishie mwenzio jina lake."

Delfin akaitandaza jezi kaburini, akaigandamiza kwa mawe pembeni. Mama alikuwa ameshafika getini.

"Delfin! Delfin, twende!"

Wala hakushtuka, alidhani anaitwa mtu mwingine.

Mama akaita kwa sauti ya chini, "Eliecer."

Akageuka upesi. Mama hakuwa akimtazama yeye. Alitazama kaburini, nyuma ya Delfin, ambako jezi ilikuwa imetuna kifuani, kana kwamba imevaliwa.