Funguo Tatu za Stoo

Kisu kilipita kwenye seloteipu na boksi likafunguka juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na treni nyekundu ya mbao yenye mabehewa manne. Mkurugenzi wa duka la vitu vya kuchezea aliitazama kama aliyekutana njiani na mtu aliyekwisha kumzika.

Kwa miezi mitatu alikuwa akiwaambia wateja kwamba treni hiyo haipatikani tena, kiwanda kimeacha kuitengeneza. Ndivyo alivyoambiwa na mtu wa stoo. Jana aliiagiza kwa simu ya shoga yake kutoka lile duka la mtandaoni lililozuka miaka miwili iliyopita na kuwazoa wateja wake mmoja mmoja. Leo, kabla ya saa sita mchana, imefika.

Aligeuza boksi. Chini palikuwa na kibandiko kilichobanduliwa kwa haraka. Nusu iliyobaki ilitosha: namba ya rafu, kwa wino wa kijani. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa hapo hapo, nyuma ya ukuta.

"Bosi Dada, vipi?" aliuliza muuzaji wa wanasesere.

"Salama. Nishikie kaunta."

Haikuwa salama. Ghorofa ya juu, ilikokuwa sehemu ya baiskeli, imefungwa kwa kamba tangu mwaka jana. Rafu zina mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Miezi miwili nyuma alisimama katikati ya duka akasoma majina ya wafanyakazi wanne wa kupunguzwa, mmoja wao mjamzito. Alimaliza, akajifungia chooni akalia, akanawa uso. Ijumaa yake akaenda kwa baba yake kumwambia biashara inakwenda vizuri.

Ndivyo alivyofanya kila Ijumaa. Baba ndiye aliyelianzisha duka, na alipostaafu alisema daktari amemwonya: moyo wake hautaki tena habari mbaya. Watu walidhani angemwachia mwanawe wa kiume. Lakini mbele ya wafanyakazi wote aliushika mkono wa binti yake, akamwekea ufunguo kiganjani. "Mdogo wako ni mtu wa kompyuta," alisema, "hana subira ya kusimama na wateja. Duka ni lako." Hakuna siku aliyowahi kujiona mtu kama siku ile.

Stoo ilikuwa na funguo tatu: wake, wa baba, na wa mtunza stoo, ambaye wote walimwita Babu Stoo.

Alimkuta mzee huyo ameinama juu ya meza, anafunga kifurushi. Alikuwa ameajiriwa kabla mkurugenzi hajazaliwa. Ndiye aliyembeba mabegani kumpitisha katikati ya rafu hizi alipokuwa na miaka minne, achague mdoli.

"Babu, hii treni imetoka wapi?"

Mzee aliitazama. Hakuuliza treni gani, wala hakujifanya haijui. Aliweka mkasi chini.

"Imetoka hapa."

"Unaniuzia duka kwa mlango wa nyuma?"

"Mimi nafunga ninachoambiwa nifunge, mwanangu."

"Na nani?"

Dukani, muuzaji alikuwa akimwambia mteja kwamba aina hiyo imeisha, ajaribu mwezi ujao.

"Nakuuliza, Babu. Watu wanne nimewatoa kazini. Nimewaangalia machoni nikawaambia hakuna mali, hakuna wateja. Kumbe mali ipo, na wateja wapo. Ni nani?"

"Nimekula chumvi ya nyumba yenu miaka arobaini," alisema mzee, akiitazama mikono yake. "Nisamehe. Siwezi kukutajia mtu."

Mkurugenzi angemkuta mwizi wa kawaida, angeita polisi akalala vizuri. Huyu alikuwa mtu aliyemfundisha kufunga utepe.

"Lete ufunguo. Na koti lako ulichukue."

Mzee aliuvua ufunguo kutoka kwenye kamba ya shingoni, akauweka juu ya kifurushi alichokuwa hajakimaliza. Mlangoni aligeuka.

"Hili jambo usilipeleke kwa baba yako. Nakuomba."

"Kumbe unamwonea huruma?"

"Nakuonea huruma wewe," alisema, akatoka.

Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha mzee. Aliwaza kuficha, kama alivyoficha mengine yote. Lakini uongo wa kila Ijumaa ulikuwa umemkaba, na safari hii hakuwa na mtu mwingine wa kumlilia. Aliendesha gari taratibu, akipanga maneno yasiyoumiza.

Baba yake alikuwa barazani, amevaa miwani, anasoma gazeti. Baba alimletea kiti, naye akaketi, akamshika baba bega.

"Baba, kaa vizuri. Usishtuke. Duka limekuwa likifa muda mrefu, nami nilikuficha. Leo nimejua sababu. Mali yetu inatolewa stoo na kuuzwa mtandaoni. Babu Stoo alikuwa anaifunga kwa mikono yake. Hataki kusema anamfungia nani. Nimemfukuza."

"Umemfukuza?"

"Leo hii."

Baba alikunja gazeti. Binti yake aliinuka nusu, tayari kumdaka, akisubiri mkono wake uende kifuani. Mkono ulikwenda mfukoni, ukatoka na simu.

"Mwanangu," baba alimwambia mwanawe wa kiume upande wa pili wa simu, kwa sauti ya mtu mwenye afya tele, "dada yako amemfukuza mzee wa stoo. Tafuta mtu mwingine wa kufunga mizigo ya leo, wateja wetu wasisubiri."