Mtoto wa Dirishani

Saluni walisema chanjo ya kifaduro inawafupishia wazee umri. Neno hilo likanikaa, nikashindwa kumhimiza mama mkwe wangu, Bi Tatu, achanje.

Siku hizi mlango wa nyumba yenye kichanga husoma kadi ya chanjo, na haumfungukii asiyechanja. Ulipomgomea, akaniuliza, "Mlango huu umezaa lini, hata unizuie mjukuu wangu?" Nikaona aibu, nikampa mwanangu mchanga, Shemsa, dirishani.

Baada ya wiki moja mtoto akashikwa na kifaduro, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Daktari alisema angekufa, isingekuwa chanjo niliyochomwa mimba ikiwa kubwa. Nashukuru kila anapolia. Bi Tatu naye amechanja, sasa anapita mlangoni. Ila dirisha halimuulizi mtu kitu.

Basi, mama mwenzangu: usimtoe mtoto dirishani. Usiahirishe chanjo yako wala yake. Usimwonee mkwe haya. Usibebe maneno ya saluni.